Mistari Isiyozidi Mitatu

Jarida la wahitimu limefika kwa treni,
limebanwa katikati ya maboksi ya dawa za minyoo,
toleo la Juni, nasi tuko Septemba.
Hapa Uvinza habari hutufikia zimekwishapoa
kama uji wa mgonjwa asiye na ndugu.

Nalisoma zamu ya usiku, taa ya sola ikikonyeza.
Ukurasa wa tatu: Mihayo amepata uprofesa.
Kacheka mpaka ufizi. Yule yule
aliyekuwa akizimia akiona sindano.
Ukurasa wa tano: Mwansasu kafungua kitengo cha figo,
utepe, mkasi, na waziri aliyetuma mwakilishi.
Leokadia yuko ng'ambo, anatafiti usingizi,
yeye, aliyekoroma vipindi vyote vya saa nane!
Karamu ni Desemba. Mchango laki na nusu,
fulana bure, taja saizi.

Kisha pembeni, ndani ya mstari mweusi:
Waliotutangulia.
Majina manne. La Gwimo nimelisoma mara mbili,
nikaenda kuhesabu dripu zilizobaki stoo,
nikarudi. Bado lipo.

Nyuma kabisa kuna fomu:
"Tupe habari zako. Cheo, taasisi, mafanikio.
Mistari isiyozidi mitatu."

Cheo: mganga mfawidhi,
yaani mshika funguo zote, hata za choo.
Taasisi: vyumba sita, bati, na popo.
Mafanikio:
hapo kalamu ikagoma.

Maana saa mbili usiku waliniletea Ntibakunze,
mchemsha chumvi. Sufuria lilipinduka,
maji yakamshuka kuanzia goti.
Nikiwa namfunga bendeji nikaviona viganja vyake:
mipasuko myembamba, mikavu, iliyojipanga
kama mito kwenye ramani ya kiangazi,
na chini ya kidole gumba, kovu la duara.

Mkono huu nimewahi kuushika.

Mwaka wa kwanza, meza ya sita,
fomalini ikitutoa machozi tukisingizia mafua.
Sisi watano, na maiti mmoja asiye na jina.
Tulimwita Jumatatu, kwa siku tuliyokutana.
Gwimo ndiye aliyemkunjua vidole,
akasema, "Huyu alifanya kazi na kitu kinachouma."
Tukacheka. Mhadhiri akatukaripia.
Tukajifunza neva za kiganja, tukafaulu,
tukamsahau mwenye kiganja.

Nikamuuliza Ntibakunze, katikati ya maumivu yake,
swali lisilo la kidaktari:
"Kwenu kuna mtu aliyekwenda mjini asirudi?"
Akanitazama kama anayenihurumia.
"Dakta, nani hapa hana mtu kama huyo?
Baba mdogo alipanda treni nikiwa sijaota meno.
Tulimwekea ugali wiki nzima,
halafu bibi akasema basi, tule."

Huenda siye. Chumvi iko kwingi,
na mikono hupasuka kila penye kazi.
Lakini nimekaa na wazo hilo mpaka jogoo wa stesheni,
nikiwaza tulivyomfunika shuka kila Ijumaa
pasipo hata mmoja wetu kumwambia kwaheri.

Nimejaza hivi. Nimehesabu, ni mitatu:

"Waliotutangulia hawakuwa wanne. Ongezeni mmoja:
Jumatatu wa meza ya sita, mwalimu wetu wa kwanza.
Huenda alikuwa mtu wa huku."

Kwenye cheo nimeacha wazi.
Kwenye saizi nimeandika "ya kati", kisha nikakata,
maana laki na nusu ni dripu ngapi, nazijua.

Treni ya kurudi ni kesho kutwa.
Nimekunja fomu, nimeitia mfukoni mwa koti,
nikaenda kumgeuza Ntibakunze ubavu,
na safari hii, kabla ya kuugusa mkono,
nikamwomba ruhusa.