Funguo Arobaini na Moja

Saa kumi na mbili nilikwisha fagia uwanja wa bwalo,
mchanga wa Tabora ukinyooka chini ya ufagio
kama nywele zilizoikubali chanuo,
mistari imelala hadi ukuta wa stoo.
Mabula wa ufundi akatundika bango,
upande mmoja juu, upande mmoja chini:
WARSHA YA USAWA KWA WANACHUO NA WATUMISHI.
Nikamwonyesha lilivyoinama.
"Liache," akasema, "litanyooshwa na warsha."

Sikualikwa. Nilikuwa nasubiri kufunga.
Lakini mwezeshaji, binti mpole
aliyeshuka treni ya usiku kutoka Dodoma,
alihesabu watu akapata ishirini na tisa,
naye alitaka thelathini.
Ndivyo nilivyoingia kwenye usawa: kukamilisha hesabu.

Akatupanga bega kwa bega.
Mkuu wa Kitivo, Dokta Kasanda, viatu vinang'aa kama asali ya Sikonge.
Sizya wa mwaka wa pili, anayeuza matobolwa bwenini
apate nauli ya kurudi Urambo.
Lushinge na magongo yake mawili. Bi Ntuli wa maktaba.
Mimi mwishoni, na koti la bluu la kazi.

"Kama nyumbani kwenu kulikuwa na kitabu ambacho si cha shule,
piga hatua moja mbele."
Wakapiga.
"Kama hujawahi kukaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya ada."
Wakapiga. Sizya alinyanyua mguu, akakumbuka,
akaurudisha taratibu
kama mtu aliyenusurika kukanyaga kifaranga.
"Kama ukisema jambo kikaoni
hakuna anayesubiri mwanamume alirudie."
Bi Ntuli akacheka peke yake, kicheko kifupi cha kikohozi.

Nyuma ni mahali pa kusomea watu.
Niliviona visigino vilivyolika upande,
soli iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni,
shingo zilizonyolewa asubuhi ile ile.
Hakuna aliyegeuka.
Zoezi halikusema tugeuke.

Likaja swali la tano:
"Kama unaweza kuingia jengo lolote la chuo hiki bila wasiwasi."
Nikapiga hatua.
Funguo kiunoni zikalia zote arobaini na moja:
maabara, masjala, choo cha wakuu,
ofisi ya Dokta Kasanda, ambayo kitasa chake hukwama masika
mpaka ukibembeleze kwa goti.
Vicheko vikaviringika kutoka mbele.
"Mama," binti akasema kwa upole, "swali halina maana hiyo."
Nikamwuliza, lina maana ngapi?
Sikurudi nyuma.

Saa saba ikaletwa karatasi ya kusaini.
Jina, cheo, kiasi, sahihi.
Mkuu, elfu themanini. Mhadhiri, hamsini. Mwanachuo, kumi.
Mstari wa thelathini haukuwa umechapwa;
ulipigwa kwa kalamu na rula ya kuazima:
Nyamizi Kapela, mtunza funguo, soda.
Nikasaini. Nikachagua ya tangawizi.

Walipoondoka nilikwenda pale Dokta alipoishia,
nikaingiza viatu vyangu ndani ya nyayo zake.
Ni kweli, panapendeza. Kivuli cha paa kinafika.
Ila mbele yake kuna ukuta wa stoo tu,
hatua mbili, basi.
Nikageuka.
Ndipo uwanja wote ukaonekana,
mpaka kule kwenye vishimo viwili vya magongo ya Lushinge,
vyenye kina, kwa kuwa havikuhama.

Nitafagia kesho.
Leo nimefunga bwalo, mchanga nimeuacha ulivyoandikwa.
Mabula amekuja na ngazi kushusha bango.
"Limenyooka?" nikamwuliza.
Akalitazama, kichwa kakilaza begani.
"Ukilitazama hivi," akasema, "ndiyo."