Kifungu cha Kumi na Nne

Feni ya Upanga inalikata joto na kulirudisha palepale.
Tuko wanne mezani, na mkataba mmoja.
Mteja, Bwana Rweyongeza, ameshafungua kalamu.
Mkandarasi Lyatuu anafunua kurasa kwa kidole chenye mate
kama mtu anayehofia mwiba ndani ya samaki.
Anaupata.
"Hiki cha kumi na nne, Bi Mkadiriaji, nani kakiweka?"

Mimi.
Nilikiweka usiku, umeme umekatika Tabata,
simu inamulika, imeegemea kopo la kahawa:
Mchanga wa kazi hii hautachimbwa mtoni.
Kila tipa litakuja na karatasi ya shimo lilikotoka.
Malipo ya mwisho yatasubiri masika moja kamili.

"Hayo mashairi," anasema, na meza inacheka.
Nacheka nami.

Kisha anaeleza, wala hasemi uongo:
mchanga wa mtoni ni wa jirani, wa usiku, wa bei ya kuelewana.
Wa shimo lenye kibali unatoka mbali, unakunywa dizeli.
Gharama itapanda asilimia nne,
na zabuni hii faida yake ni tatu.
Piga hesabu mwenyewe, dada.

Nimepiga. Ndiyo kazi yangu,
kuhesabu vitu ambavyo bado havipo:
nondo zisizokatwa, zege lisilomwagwa,
madirisha ya watoto wasiozaliwa.
Ila katika mchanganuo wote wa gharama hakuna mstari
wa choo cha shangazi Sikudhani.

Shangazi, kule Tegeta, alikuwa na choo nyuma ya nyumba,
nyuma ya choo migomba saba,
nyuma ya migomba mto, mwembamba,
wa kuruka kwa kupandisha kanga.
Matipa yalikuja saa nane za usiku, taa zimezimwa.
Yakachota. Yakarudi. Yakachota.
Mwaka wa kwanza mto ulikula migomba.
Wa pili, choo.
Wa tatu shangazi alihamishia kitanda chumba cha mbele,
akawa analala na viatu.

Na ule mchanga? Labda uko Mikocheni, umepakwa rangi ya maziwa.
Labda uko kwenye ukuta huu ninaouegemea.
Ukuta hauulizwi kwao ni wapi.

Lyatuu simwambii haya.
Namwambia: ongeza hiyo nne, tutoe marumaru ya ukumbini.
Milango ya mninga ya nyumba tunayobomoa ipigwe randa, irudi kazini.
Kifusi kisagwe, kishindiliwe chini ya maegesho.
Hesabu inakaa.
Rweyongeza anayalilia marumaru. Alishawaahidi wakwe.

"Basi tuandike mkandarasi *atajitahidi*," anasema Lyatuu.

Ndipo Nambua, mwanasheria kijana,
ambaye tangu asubuhi amekunywa maji tu, anainua uso:
"Atajitahidi halimfungi mtu.
Andikeni lazima, au mfute."

Ni mifereji mingapi isiyofika popote,
mikoko mingapi iliyogeuka mirunda,
imepita katika upenyo wa neno hilo moja?
Sikusema. Niliandika lazima,
kwa mkono, pembeni, na wote tukatia herufi zetu.

Masika tuliyagombania hadi adhuhuri.
Ana mishahara, ana mkopo wa mtambo.
Nusu ya zuio atalipwa vuli ikipita, nusu masika.
Nilitaka yote. Nilipata nusu.

Tipa la kwanza lilifika Jumanne.
Dereva akanipa karatasi, ina dole gumba la vumbi.
Chanzo: Mpiji, limekatwa kwa wino mwekundu,
juu yake: Kisarawe.
Nikaisoma mara mbili, nikamrudishia.

Liligeuka na mzigo wake.
Zege lilingoja siku mbili, mafundi wakacheza bao,
Lyatuu hakunisalimia.
Nami nikakaa juu ya rundo la milango ya mninga,
mkataba mapajani, nikikisikiliza kile kifungu
kikipumua.