Kidonge cha Osvino

Mara tatu kwa siku, saa nzima kabla ya mlo,
mume wangu anammeza nyoka.

Ndivyo asemavyo mwenyewe,
tangu Jussara, binti wa afya apitaye na baiskeli,
alipomfunga mkono kwa kile kitambaa kinachovimba,
akasoma mia na themanini na tano kwa mia na kumi,
kisha, kwa nia njema tu, akamhadithia:
dawa hii chimbuko lake ni sumu ya jararaka,
hawa hawa wa migombani kwenu, bonde la Ribeira.

Hawa hawa!
Jararaka ndiye aliyemmaliza Delsidio, kaka mtu,
mwaka wa mafuriko, barabara imekatika,
mguu umefura hadi suruali ikapasuliwa kwa panga.
Tangu hapo Osvino akiona kamba kavu ya mgomba, huruka.
Aliyeumwa na nyoka... na yeye hata hakuumwa.
Alishika kichwa tu, hadi alfajiri, kikizidi uzito.

Wiki mbili vidonge vililala kwenye kopo la kahawa.
Sikusema kitu. Nilipunguza chumvi kwenye maharage,
nyama kavu nikairoweka usiku kucha, maji mara tatu.
Akanuna: napika kama hospitali.
Usiku niliweka sikio kifuani pake.
Moyo ulikuwa ukibisha hodi
kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Sijui kilichomgeuza. Si mimi.
Jumapili moja alifungua kopo,
akakiweka kidonge kiganjani, akakitazama
kama anavyomtazama mnunuzi wa ndizi.
"Ulimla kaka yangu," alikiambia.
"Zamu yangu."

Sasa miezi saba. Presha imeshuka, sisemi imetulia.
Ila kuna kikohozi, kikavu, cha saa nane usiku,
na kahawa, anasema, ina ladha ya sarafu.
"Anajibu," hunong'ona gizani. "Hakubali kumezwa bure."

Jana Jussara kaja na kisanduku kingine.
Daktari kambadilishia; hiki hakikohozi mtu.
"Na hiki kimetoka kwa mnyama gani?"
"Hakuna, mzee. Kiwandani tu."

Leo alfajiri nimemkuta ukingoni mwa kitanda,
kidonge kipya kimeshashuka kooni,
na kile cha mwisho cha zamani mkononi,
hajui akitupe ama akizike.
Lete hapa, nikamwambia.
Nikakitia kwenye kopo la kahawa, nikabana kifuniko,
nikalipandisha juu ya kabati
ilipo kofia ya Delsidio.