Daftari la Mikorosho

Mjomba Nantende,
daftari lako nimelikuta chini ya magunia,
limekula salfa mpaka kurasa zimekuwa manjano;
kila nikifunua, napiga chafya.

Kumbe miti ina majina. Sikujua.
Mimi nilihesabu mikorosho tu, arobaini na mitatu,
toka njia ya Kitangari hadi kwenye mihogo ya akina Chihipu.
Wewe umeandika: Mkwe, hausogelewi, una majimoto.
Mlevi, umelala upande, lakini mabibo yake ndiyo matamu.
Bi Mkubwa, aliupanda mama mwaka aliozaliwa Fadina.
Na ule wa pembeni kabisa, Deni:
"Maua yake nimeyauza kwa kangomba,
bakuli kwa bakuli, kabla hayajawa korosho,
mtoto wa Fadina apate sare na nauli."

Fadina ni mama.
Mtoto ni mimi.

Basi sare niliivaa, mjomba, ikachanika magotini,
nikafika Mtwara mjini, nikapewa cheti chenye mhuri,
kisha nikarudi nacho kimekunjwa mfukoni.
Dukani kwa Mahupa wakaniuliza:
yaani umesoma kote huko uje uokote korosho?
Nikanunua chumvi, nikaondoka.

Julai naamka kabla ya jogoo, umande bado umeshika majani,
nafunga kitambaa puani, nabeba mashine mgongoni,
inanguruma kama ina ugomvi na usingizi wa kijiji.
Salfa inapanda, inatua juu ya maua,
inatua juu ya kope zangu.
Ubwiri haungoji mtu amalize uji.

Oktoba tunaokota. Hatuchumi, tunaokota:
kilichoanguka chenyewe ndicho kilichokomaa.
(Hilo hukuliandika. Mama ndiye aliyelisema,
akinipiga mkono niliponyoosha kwenye tawi.)
Asumini, mdomo umejaa bibo, anatega:
nyumba tamu, mwenyewe analala nje.
Korosho! Hilo hata mbuzi wanalijua.

Siku ya mnada tulikaa kwenye nyasi mbele ya ghala,
sanduku likafunguliwa, bei zikasomwa moja moja.
Jirani yangu alikuwa anahesabu kwa vidole:
toa salfa, toa magunia, toa ushuru, toa mkopo wa chama.
Vidole vikaisha.
Tukanyoosha mikono, tukakubali.
Wingu lilikuwa limeshasimama upande wa Ruvuma.

Februari niliukata Bi Mkubwa.
Nakwambia wewe, maana mama hataki kulisikia.
Miaka mitatu haujajaza debe;
shina lilikuwa na uwazi, nikaingiza mkono hadi kwapani
nikatoa vumbi na ganda la yai la ndege.
Nilikata usawa wa goti.
Jioni ile mama alinipakulia ugali, akanipa mgongo.
Wiki saba. Hata salamu alimtuma Asumini.

Machipukizi yakatoka, mengi, mekundumekundu.
Nikabakiza manne, nikayabebesha vikonyo vya Mlevi,
nikafunga kwa nailoni kama kidole kilichojikata.
Matatu yalikauka.

Juzi bomba lilitoka maji, baada ya siku kumi na moja.
Unajua huku juu maji yanavyohesabiwa,
mtu ananawa uso na yaleyale anaoshea vyombo.
Nimefika shambani, udongo kando ya kisiki umelowa,
duara dogo, jeusi,
na alama ya kitako cha ndoo.
Sikuuliza.

Usiku nimefungua ukurasa mpya,
nikaandika tarehe, na chini yake:
arobaini na miwili, na nusu.
Hiyo nusu haijapata jina.
Kalamu nimeiacha pale juu ya daftari,
upande anaokaa mama.