Namba Themanini na Saba

Shauri letu limeitwa la mwisho,
baada ya mpaka wa shamba la vitunguu
na mjane anayedaiwa kiwanja na shemeji zake.
Juni ya Iringa: baridi inapandia sakafuni
mpaka magotini. Nimejifunga vitenge viwili
na bado meno yanagongana.

Wakili wa kampuni ana faili la kijani.
Anatoa kibali. Muhuri wa halmashauri,
muhuri wa mazingira, muhuri wa kijiji,
duara juu ya duara,
kama alama za vikombe vya chai mezani.
Anatoa muhtasari wa mkutano mkuu:
tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi,
wanakijiji mia mbili na kumi na wawili
kwa kauli moja wameridhia
uchimbaji wa mawe na kokoto, mlima Lunyambi.

Saa nne asubuhi ya siku hiyo
tulikuwa makaburini.
Nakumbuka kwa sababu ya udongo:
futi tatu tu, sururu ikagonga mwamba,
vijana wakatazamana,
ikabidi niitwe mimi, mwanamke, na nyundo yangu,
nimpasulie Mzee Kisonga Luvanda
mahali pa kulala.

Sasa napewa orodha ya mahudhurio.
Nasoma kidole kikiwa juu ya mstari,
polepole, maana shule niliiachia darasa la nne:
themanini na tano,
themanini na sita,
themanini na saba, Kisonga Luvanda.
Sahihi imekunjwa mkia kama ya mhasibu.

Marehemu alitia dole gumba maisha yake yote.
Dole lenye kovu la panga.
Hata kwenye daftari la mbolea ya ruzuku
ungeliona, mstari mweupe katikati ya wino.

Wakili ananitazama kama mtu anayenunua kuku.
"Mama Twilumba, kazi yako?"
Kupasua mawe.
"Wapi?"
Lunyambi.
"Kwa kibali cha nani?"

Watu wakacheka. Mtendaji alicheka kuliko wote.

Ningesema nini? Karatasi sina.
Miaka ishirini na sita nawasha moto wa magome
juu ya mgongo wa jabali,
namwaga maji, nasubiri lilie lenyewe,
ta!
nachukua kipande cha kunitosha wiki.
Ada ya Sikitu, bati, jeneza la mume wangu,
vyote vimetoka humo, ndoo kwa ndoo.
Sikuja hapa kama mtetezi wa mlima.
Mimi ni panya wake: nang'ata nikipuliza.
Hawa wanakuja na baruti,
na baruti haina pumzi ya kupulizia.

Hayo sikuyasema. Nilichosema ni hiki:
"Mheshimiwa, sakafu hii unayokanyaga
kokoto zake ni zangu. Lori lilibeba tripu tatu.
Ya tatu sijalipwa mpaka leo."

Mwenyekiti akaandika kitu. Sijui kama ni hicho.

Kisha mzee wa baraza mmoja yu mgonjwa,
akidi haijatimia,
shauri limeahirishwa hadi ishirini na mbili Agosti.
Na zuio?
Zuio lina fomu yake, na fomu ina ada yake,
na dirisha la ada hufungwa saa tisa.
Ilikuwa saa tisa na robo.

Nimeshuka njia panda, nimetembea.
Mlimani wameshatoboa mashimo kumi na saba,
kila moja limezibwa kwa mfuko wa saruji
mvua isiingie. Mvua ya Juni, jamani.
Nimeyahesabu mara mbili,
labda nitaulizwa.

Nikapitia makaburini, ni njiani.
Mzee, nikamwambia, wanasema ulikubali.
Mianzi ya ulanzi ikasuguana, basi.
Ishirini na mbili Agosti, saa tatu kamili.
Ukija, uje na lile dole.