Karatasi ya Kukatia

Mama aliniachia cherehani, mkasi
na karatasi ya kukatia blauzi: gazeti la zamani
lenye kosa dogo kwapani, upande wa kushoto.
Miaka tisa nimekatia hiyo hiyo, hapa Isevya.
Blauzi zikatoka na kosa lake,
zikavaliwa sokoni, Kitete, stesheni,
wala hakuna aliyeniuliza.

Daktari alisema: ni herufi moja tu, mama Kalunde,
imerukwa katika damu yenu.
Bibi alinakili. Mama akanakili.
Hapo ndipo anapokaa fundi wa viraka,
anayeshona seli zinapochanika.
Kwenu anafanya kazi nusu.

Dada yangu Nyanzala anameza vidonge,
asubuhi viwili, jioni viwili.
Navyo, kama nilivyoelewa mimi,
vinauficha uvimbe uzi:
ukichanika, usipate cha kujishonea.
Nilicheka, mara ya kwanza tangu masika.
Dawa inayojua cherehani!

Damu yangu imepanda treni kwenda Dar.
Jibu halijarudi.
Nusu kwa nusu, shilingi bado iko hewani.

Leo Kalunde, miaka kumi na mitatu,
anataka sare; ya mwaka jana inambana.
Nazungusha futi kamba kifuani pake.
Nasoma namba. Naisoma tena.
"Mama, mbona umesimama?"

Gazeti la mama nimelikunja, liko chini ya godoro.
Damu haichorwi upya, najua.
Sare inachorwa.
Lete chaki, mwanangu, inua mkono,
tuanze na kwapa la kushoto.