Ekseli ya Njia ya Ndono

Datsun ya marehemu baba ililia nyuma
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Fundi Mihambo, pale Isevya, akatega sikio:
"Difu imekwisha. Halafu hii ni nyepesi mno
kwa mashimo yetu. Tafuta ya pikapu."

Dar walitaja bei. Nikakata simu taratibu,
kama ninafunga mlango wa mgonjwa.

Wiki tatu nikilala chini ya magari yaliyokufa,
nikipima kwa kamba yenye mafundo.

Kisha Jumanne moja, njia ya Ndono,
nikaiona inatembea:
ekseli ya Hilux chini ya mkokoteni,
tumbo la difu limegandwa tope,
marobota ya tumbaku juu,
ng'ombe wawili wanaivuta bila gia.

Nyamizi, mwenye ng'ombe, hakuwa na haraka.
"Hiyo yako kuukuu uifunge hapa kwangu,
juu yake laki na ishirini,
na hiyo kamba."

Tulichomelea hadi vijiti vikaisha.
Sasa tairi zimechomoza vidole viwili kila upande,
Datsun imesimama kama bibi aliyeshika kiuno.
Haisagi meno.

Ng'ombe nao, kesho yake,
walivuta vilevile,
wala hawakugeuka kutazama.